Mbwa wa Nyumba Iliyofungwa ni wa Nani?

Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu, afisa mifugo mstaafu, kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam



Nimewekwa baada ya taarifa ya maji na kabla ya chakula, kwa hiyo najua nashindana na harufu ya nyama. Sitawachelewesha.

Kila Desemba tunapanda mabasi kwenda nyumbani. Tunafungua nyumba, tunapaka rangi, tunakaa na wazee. Januari tunafunga geti na kurudi mjini. Anayebaki ni kijana wa kazi, pamoja na mbwa wawili watatu wa ulinzi. Kijana tunamtumia hela kwa simu. Mbwa je? Mwenye nyumba anadhani mbwa ni kazi ya kijana. Kijana anajua mbwa ni wa tajiri. Kijana akiacha kazi mwezi wa nne, mbwa anakosa hata makombo. Anapenya uzio, anazunguka vihambani akitafuta chakula, na alfajiri anakutana njiani na watoto wa shule. Majirani wanamwita mbwa koko. Si koko huyo. Ana mwenyewe, na huenda mwenyewe yumo humu ukumbini.

Ninachoogopa hapo ni kichaa cha mbwa. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi na hakuna ugonjwa ninaouogopa kama huo. Virusi vyake hukaa kwenye mate, huingia kwa jeraha, kisha husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo huweza kuchukua wiki au miezi, na ndiyo maana watu husahau kwamba mtoto aliumwa. Dalili zikishatokea, mgonjwa akaanza kuogopa maji, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya hapo ugonjwa unazuilika kabisa.

Kwa hiyo shikeni hili, na mkipiga simu nyumbani leo mwambieni bibi na kijana wa kazi. Mtu akiumwa, au akikwaruzwa na mbwa hadi damu, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa. Si pilipili, si mafuta ya taa, si mizizi. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano, na arudi kila tarehe atakayopewa hadi zikamilike. Mbwa aliyeuma, kama yupo na anaweza kufungwa salama, asiuawe haraka. Afungwe, apewe maji, na afisa mifugo aitwe amwangalie kwa siku 10. Wengi hudhani mbwa mwenye kichaa lazima awe mkali. Wengine hunyamaza tu, taya linalegea, mate yanadondoka, na mtu mwema anaingiza mkono mdomoni akidhani amekwamwa na mfupa.

Kumchanja mbwa mmoja kwa mwaka ni gharama ndogo sana ukilinganisha na sindano za mtu mmoja na nauli zake. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Pemba walifanya hivyo na kichaa kikaisha kisiwani. Chanjo ilipolegea, mwaka 2016 kiliingia tena, ikabidi waanze upya hadi wakakiondoa mara ya pili. Wao wamezungukwa na bahari. Sisi tuna Tarakea na mpaka ambao mbwa hawaujui, kwa hiyo tusichangie mwaka mmoja tukadhani tumemaliza.

Ombi langu kwa harambee ya mwaka huu ni hili. Kila mwenye nyumba Rombo alipie chanjo ya mbwa wake, na aongeze ya mbwa mmoja wa jirani asiye na uwezo. Mama mjane mwenye mbwa mmoja anayelinda kuku wake asichangishwe. Mnaofuga majike, ongeeni na afisa mifugo kuhusu kuwafunga uzazi. Watoto wanaotupwa porini kwenye mfuko wa sandarusi ndio koko wa mwakani. Na kabla hujamwacha mbwa kwenye nyumba unayoifunga, mtaje kwa jina mtu atakayemlisha, na hela ya chakula cha mbwa iwe mbali na mshahara wake. Kama huna mtu wa namna hiyo, weka taa na kufuli, usiweke mbwa.

Chanjo tumepanga iwe wiki ya Krismasi, kwa sababu ndipo wenye mbwa wanapokuwa nyumbani na hakuna wa kusingizia. Watoto wenye umri wa kushika kamba waje na mbwa wao wamefungwa vizuri. Mbwa wakali waletwe na watu wazima.

Daftari liko mezani kwa Mweka Hazina, pembeni ya mlango wa kwenda kwenye chakula. Andika jina lako, kitongoji, idadi ya mbwa, na namba ya simu ya anayewalisha.