Mizani Kabla ya Mimba: Maandalizi ya Mwili kwa Wanaotaka Kuwa Wazazi

Mada kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa vijiji, Nyololo, Wilaya ya Mufindi



Nimeombwa nizungumzie afya na uzito wa watu wanaojiandaa kupata mtoto. Hoja yangu ni moja na naitaja mapema ili mpate nafasi ya kuihoji: hapa kwetu tunaanza kumhudumia mama tumbo likishaonekana, na wakati huo viungo vikuu vya mtoto vimekwisha kuumbika. Mizani, vipimo na ushauri wa chakula vinapaswa kumfikia yeye na mwenzake miezi kadhaa kabla, wakati bado kuna nafasi ya kupunguza mwili, kuuongeza au kutibiwa.

Mkoa wa Iringa si mgeni wa mizani. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za Serikali ya Italia, walianzisha hapa mpango wa lishe ulioanzia katika vijiji 168. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na majibu yakajadiliwa na serikali ya kijiji hapo hapo: kwa nini mtoto wa fulani hakuongezeka, nani anamlisha mama akienda shamba, chakula kimekwenda wapi. Utapiamlo mkali ulishuka, na wataalamu wa nchi nyingine wakaja kujifunza. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji tunayoifanya leo ni mtoto wa kazi ile.

Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, mkoa wa kwanza nchini, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Huu ni mkoa unaolisha wengine mahindi, viazi na maharage. Upande wa pili, utafiti wa 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake nchini wana uzito uliozidi, na ule wa 2022 ukaonyesha idadi hiyo imepita theluthi moja. Mambo haya mawili yanakutana nyumba moja. Mama amenenepa, ana upungufu wa damu, mtoto wake ni mfupi kuliko umri wake, na wote wamekula chungu kimoja.

Tukitazame chakula chenyewe. Mchana hapa njiapanda, pale malori ya Zambia na magari ya Mgololo yanapoegesha, sahani ya kawaida ni bonge la ugali wa sembe linalozidi nusu ya sahani, kabichi iliyokatwa nyembamba na kuelea kwenye mafuta, na maharage ya kulowanisha tonge. Pembeni kuna soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina nguvu ya kilokalori 120 hivi, na mpishi hapimi kwa kijiko, anamimina. Aliyekula hapo ameshiba kweli, na nguvu imezidi mahitaji yake, lakini madini ya chuma, foliki asidi na protini ni kidogo. Mayai, njegere na parachichi vimepakiwa kwenda sokoni. Sisemi watu wasiuze, maana ada ya shule inatoka humo. Nasema kabla ya kuuza, cha nyumbani kitengwe, hasa kwa binti anayejiandaa kuolewa na kwa mke anayetaka kushika mimba.

Kazi nayo imebadilika. Mchuma chai wa kule Kibao na mwanamke anayelima kwa jembe bado wanatoa jasho la kutosha. Lakini aliyefungua duka, aliyekaa kwenye meza ya M-Pesa, anayepanda bodaboda kwa safari ambayo bibi yake aliitembea akiwa na kuni kichwani, huyo anakula chakula cha mkulima bila kazi ya mkulima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi tunalijua na hatulisemi kwenye mikutano. Watu wetu wanaogopa kupungua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulikuta kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe na 11.1 Iringa, viwango vya juu kuliko mikoa mingine yote. Kila ukoo umezika. Kwa miaka mingi kukonda kulikuwa ndiyo dalili ya kwanza ambayo jirani aliiona, na hadi leo mwanamke akipungua kilo tano kwa juhudi zake mwenyewe, kisimani wanaanza kunong'ona: anaumwa, ameanza dawa. Mke akinenepa, sifa inakwenda kwa mume kwamba anajua kutunza. Mwanaume akiota kitambi, mambo yake yamenyooka. Mhudumu anayemwambia mama wa namna hii apunguze mwili bila kuugusa woga huu anapoteza maneno yake. Mtu anayetaka kupungua aungwe mkono na mume au dada anayejua sababu, ili maneno ya watu yasimkute peke yake. Na anayetumia ARV asiache wala asiruke dozi kwa kuwa amesikia zinanenepesha. Ni kweli baadhi ya watu huongezeka uzito wakiwa kwenye dawa za sasa, lakini dawa hizo ndizo zinazomkinga mtoto. Hilo la uzito alipeleke kliniki, likatafutiwe njia huko.

Kwa nini uzito kabla ya mimba? Mwanamke mwenye unene uliopitiliza yuko katika hatari kubwa zaidi ya kisukari cha mimba, shinikizo la damu na kifafa cha mimba, kujifungua kwa upasuaji, kidonda kuchelewa kupona na damu kuganda mishipani. Wengine yai halipevuki kila mwezi, hedhi inaruka, na miaka inapita wakitafuta mtoto. Na mimba ikishaingia, huo si wakati wa kujikondesha. Kujinyima mjamzito kunamnyima mtoto. Ndiyo maana nasisitiza kabla.

Habari njema ni kwamba mwenye unene hahitaji kuwa mwembamba. Tuchukue mfano wa mama wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.58. Uzito wake ukigawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, yaani 82 kwa 2.5, unapata karibu 33. Kiwango kizuri ni kati ya 18.5 na chini ya 25, na kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Kumwambia ashuke hadi 25 ni kumwambia apoteze kilo 20, naye ataondoka asirudi. Lakini asilimia tano hadi kumi ya uzito wake, kilo nne hadi nane, zinatosha kwa wengi kurudisha mpangilio wa hedhi na kupunguza sukari na shinikizo la damu. Kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki, hiyo ni kazi ya miezi miwili hadi minne. Nusu ya sahani iwe mboga: majani ya maboga, mchicha, chainizi. Robo iwe ugali wa dona, robo maharage au dagaa. Soda iwe ya sikukuu, na ulanzi vilevile, hata msimu wake ukiwa umefika. Safari fupi aziende kwa miguu. Chai za kupunguza tumbo zinazotembezwa stendi tuzikatae waziwazi: nyingi kazi yake ni kuharisha, kinachopungua ni maji, na hakuna anayejua kilichomo.

Katika miezi hiyo ya kujipunguza, mimba ipangwe. Hapa tusisahau kuwaambia wanaotumia sindano ya miezi mitatu kwamba uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, kwa wastani miezi kumi tangu sindano ya mwisho. Mwenye mpango wa kuzaa mwakani azungumze na muuguzi sasa kuhusu kubadili njia, na asianze kudhani amefungwa na mtu. Aliyejifungua karibuni ajipe angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine.

Wapo pia wanaotakiwa kuongezeka. Binti aliye chini ya 18.5 kwa hesabu ile ya uzito na urefu ana hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu, na huyo mtoto mara nyingi ndiye atakayehesabiwa mdumavu baadaye. Mizani haitafuti wanene peke yao.

Suala la foliki asidi nalitenga kwa sababu saa yake ni fupi. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, yaani kama wiki mbili baada ya mama kukosa hedhi. Mama anayekuja kliniki mwezi wa nne na kupewa FEFO, vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, anasaidiwa damu, lakini kwa kuzuia mgongo wazi, yaani mfereji huo kutofunga, muda umekwisha. Wazazi wa watoto wenye mgongo wazi tunawajua, wanasafiri hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili kutafuta upasuaji. Mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12, hupunguza sana hatari hiyo. Mwenye unene mkubwa au kisukari amuulize daktari, huenda akahitaji zaidi. Kanuni zinawataka wenye viwanda vikubwa waongeze virutubisho kwenye unga wa ngano na mahindi, lakini sisi tunakula mahindi yetu, tunasagisha mashine ya kijijini, na virutubisho hivyo havitufikii. Kwa hiyo kidonge kwetu hakina mbadala.

Mwenye kisukari au shinikizo la damu asishike mimba kabla ya kuonana na daktari. Sukari ikiwa juu katika wiki za mwanzo inaweza kuharibu moyo wa mtoto, na baadhi ya dawa za shinikizo, kama kaptopril na losartan, hazifai kwa mjamzito. Hubadilishwa mapema.

Wanaume, msiinuke. Mbegu za kiume huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, hivyo kitambi, sigara na pombe za leo zinagusa mimba itakayotungwa baada ya miezi mitatu. Ndoa ikikaa bila mtoto, ukoo unamtazama mke, anapelekwa kwa waganga, na mume hajawahi hata kupima. Ni dhuluma, na sisi viongozi tumeinyamazia. Isitoshe, mwanamke hawezi kubadili chakula cha nyumba kama mwenye nyumba anadai mlima wa ugali na nyama ya kukaanga kila jioni.

Njia za kuwafikia tunazo. Makanisa yetu yana mafundisho ya ndoa, na wachumba wengi tayari hupelekwa kupima VVU kabla ya kufunga ndoa. Siku hiyo hiyo wapimwe uzito, urefu, shinikizo, sukari na wingi wa damu, na binti aelezwe kuhusu foliki asidi. Mhudumu anapopita nyumbani kumtazama mtoto mchanga amuulize mama swali moja la ziada: mwingine unamtaka lini?

Ombi langu kwa wenyeviti wa vijiji waliopo hapa ni kwamba, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ijayo, mizani ya watu wazima na kipimo cha urefu viwekwe kando ya mizani ya watoto, na mwenyekiti na mkewe wawe wa kwanza kupanda.