Samani Zifuate Nyumba

Rai yangu ya leo yahusu jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni namna ya kupanga sebule yenye umbo gumu, pamoja na mahali pa kulia palipoambatana nayo. Mtu aliyejenga kwa jasho la miraa au la kahawa, akaezeka mabati, akapiga lipu na kumlipa fundi haki yake, aghlabu huingia ndani siku ya kuhamia akakuta sebule ni ndefu na nyembamba, au imepinda kama kiwiko, au ina ukuta wa mshazari kwa kuwa kiwanja chenyewe kilikatwa na barabara. Ndipo huanza kuilaumu nyumba, ilhali nyumba haikumkosea lolote.

Kila umbo lina sababu yake, na mwenye kuijua sababu hupata nusu ya dawa. Hapa kwetu kwenye miteremko ya Nyambene, kusawazisha ardhi ni gharama, kwa hiyo nyumba hunyooka kufuata ubavu wa mlima, nayo sebule ikanyooka pamoja nayo. Fauka ya hayo, mwenye kuchora ramani hutanguliza vyumba vya kulala, na sebule ikawa ni kile kilichosalia, kikiwa kimetobolewa milango kila upande.

Wala msidhani kwamba taabu hii ni ya leo. Katika Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba za mawe za karne ya 18 zina vyumba virefu ambavyo upana wake hauzidi sana mita 3, kwa mujibu wa urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Watu wale hawakugombana na boriti. Walivipanga vyumba kimoja nyuma ya kingine, kutoka kiwanda, yaani ua wa nyumba, mpaka misana, yaani kumbi ndefu, na hatimaye ndani, chumba cha faragha, kila kimoja sakafu yake ikiinuka kidogo kuliko kilichotangulia; penye ncha ya msana wakaweka kitanda nyuma ya pazia; na ukuta wa mwisho wakaunakshi kwa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa, wakapanga humo vyombo vya kauri, ili jicho la aingiaye lipate mahali pa kutua. Wembamba ambao mwingine angeuona kuwa ni aibu, wao waliufanya kuwa ndio mpango wa staha ya nyumba.

Nao wazee wetu wa Meru, waliokaa katika nyumba za mviringo, walilijua hilo vilevile: moto ulikuwa katikati, malazi yaliambaa ukutani, na kigoda kilibebwa kikapelekwa pale mtu alipotaka kuketi. Chombo kilimfuata mtu. Mtu hakuzunguka akikwepa vyombo.

Sasa tutazame yanayotendeka. Chukueni mfano wa sebule ya mita 3 kwa 6, yenye mlango wa barazani ncha moja, mlango wa jikoni ncha ya pili, na milango miwili ya vyumba vya kulala ubavuni. Mwenyewe akaenda kwa seremala kando ya barabara, akaagiza seti ya viti vya watu saba kwa kuwa jirani anayo. Kochi la namna hiyo hula takriban sentimita 90 kutoka ukutani. Likiwekwa moja huku na jingine kule yakaelekeana, husalia sentimita 120. Na meza ya sentimita 60 ikitiwa katikati, kila upande hubaki sentimita 30, na magoti ya walioketi bado hayajahesabiwa. Basi binti akija na birika la chai hupita kiubavu-ubavu, ameliinua juu ya vichwa vya watu, na mzee aliyeketi karibu na mlango hulazimika kuinuka kila mtu apitapo. Hapo heshima ya mgeni imekwisha kuvunjwa, na aliyeivunja ni kochi, wala si mwenyeji.

Dawa yake ni kuanza na njia. Kabla ya kuagiza chochote, chukueni chaki mchore sakafuni mapito kutoka mlango hadi mlango, upana wake usipungue sentimita 80. Kilichobaki nje ya mstari ndicho milki ya samani. Kisha kateni magazeti au magunia makuukuu kwa kipimo cha kila kiti, myatandaze, mkae nayo siku mbili tatu mkipita na sufuria, na watoto wakipita na mbio zao. Katika chumba hicho nilichokitaja, maadamu milango ya vyumba vya kulala iko ubavu mmoja, mapito na yaambae ubavu huo. Makochi yajipange ukuta wa pili kwa safu moja, na kiti kimoja kigeuzwe mwishoni ili wanaozungumza waonane nyuso. Meza ya kulia iwe upande wa jikoni, yenye upana wa sentimita 75, na upande wa ukutani itiwe benchi badala ya viti, kwa sababu benchi halihitaji kuvutwa nyuma, na kila mlaji hutoshewa na sentimita 60 za ubao. Mkeka au zulia chini ya makochi lisifike kwenye meza, nalo litaonyesha mpaka wa sebule na mahali pa kulia bila ya kujenga ukuta.

Sebule iliyopinda ni rahisi zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwani mkono mfupi wenyewe umekwisha kujitenga uwe mahali pa kulia, na kiwiko kiachwe wazi. Ama ukuta wa mshazari, samani zote zifuate ukuta ulio mrefu, na pembe ile nyembamba apewe seremala aijaze rafu za mbao za mukima zilizokatwa kwa kipimo cha pembe hiyo hiyo.

Nuru nayo ina hukumu yake. Asubuhi za ukungu huku kwetu nyumba huwa na giza, na taa moja katikati ya chumba kirefu huziacha ncha zote mbili gizani. Afadhali taa mbili zenye mwanga wa wastani. Kuta ndefu zipakwe rangi nyeupe au ya maziwa, na ukuta wa mbali rangi iliyokolea, nao utaonekana umesogea karibu, na chumba kitapungua urefu machoni.

Msikilizaji atauliza: wageni wakija wengi siku ya posa, au chama kikikutana, wataketi wapi? Wataketi kwenye vigoda na viti vyepesi vinavyopangwa juu kwa juu, vikatolewa siku hiyo na kurudishwa stoo kesho yake. Si busara kuishi siku zote za mwaka katika msongamano kwa ajili ya siku chache.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na wema wa ndani hupimwa kwa wepesi wa mtu kuingia, kuketi, kula na kuondoka bila ya kumsumbua mwenziwe. Kwa hivyo nasaha yangu kwenu ni moja: msitoe arubuni kwa seremala yeyote kabla hajaingia nyumbani mwenu na futi yake mkononi, akaiona milango ikifunguka, akaipima njia. Seremala aliye hodari hataudhika. Atafurahi kwamba kazi yake itakaa mahali pake.