Klachi na Gea za Motakaa Iliyokwisha Tumika
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na walimu)



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya motakaa iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, na hasa juu ya klachi na gea zake. Tumelikubali ombi hili, si kwa kuwa sisi ni mafundi, la, bali kwa sababu tulipata kununua motakaa ya namna hiyo, tukapata hasara, tukamdhulumu mtu asiye na kosa, na baadaye tukajifunza. Siku hizi watu wengi vijijini huchanga fedha wakanunua gari kuukuu, na makosa tuliyoyafanya sisi twayaona yakifanywa tena.

Mwaka 1987 sisi walimu sita wa shule moja katika milima ya Usambara tulinunua Land Rover ndefu ya aina iitwayo Series IIA. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1961 hata mwaka 1971, basi yetu ilikuwa imekwisha kula chumvi nyingi. Nia yetu ilikuwa kuteremsha mboga na matunda hata Mombo, na kuwachukua wagonjwa kuwapeleka Lushoto. Muuzaji alituambia kwamba injini ni nzima. Na kweli injini ilikuwa nzima. Hatukumwuliza habari ya klachi, naye hakuitaja.

Dreva wetu alikuwa kijana wa pale pale kijijini, mpole, naye alikuwa na cheti chake. Juma la kwanza tu tulisikia sauti mbaya kila alipotoa gea ya tatu kuingiza ya pili penye mlima: krrr, kama mtu asagaye kokoto. Tukamkemea. Akajibu kwa adabu, “Walimu wangu, gari hili si kama lile nililojifunzia.” Sisi tuliona kuwa ni udhuru wa mvivu. Sauti ilipozidi, tulifanya mkutano, tukakata robo ya mshahara wake kwa muda wa miezi miwili, tukaandika katika daftari kwamba ameharibu meno ya gea. Kisha tukamwita fundi wa mjini, naye alisikiliza kidogo akasema hapana budi sanduku la gea lifunguliwe lote, akataja fedha zilizokaribia nusu ya bei ya gari lenyewe. Tukaanza kuchanga tena.

Sasa hapa yatupasa tueleze jambo ambalo wakati ule hatukulijua hata mmoja wetu, ingawa tulikuwa walimu.

Injini ya motakaa huzunguka wakati wote iwapo inawaka, lakini magurudumu pengine husimama, pengine huenda polepole, pengine kwa haraka. Katikati ya injini na sanduku la gea pana sahani nyembamba yenye kitambaa kigumu pande zote mbili. Springi zenye nguvu huibana sahani hiyo juu ya gurudumu zito la injini, na hivyo injini na sanduku la gea huzunguka pamoja. Ukikanyaga pedali, springi huachia, sahani huwa huru, na injini huzunguka peke yake. Hiyo ndiyo klachi.

Ndani ya sanduku la gea meno ya vyuma hayana budi kukutana na meno mengine. Yakiwa yanazunguka kwa mwendo mmoja huingiana kimya. Yakiwa moja lina haraka na jingine li pole, hugongana, na hiyo ndiyo ile sauti ya kokoto. Mwaka 1928 motakaa za Cadillac za Marekani zilianza kuuzwa zikiwa na kifaa kiitwacho sinkromeshi. Kazi yake ni kulisugua gea kwanza kama breki ndogo, hata mwendo wa pande mbili uwe sawa, ndipo meno yaingiane. Dreva aliyejifunza katika gari lenye kifaa hiki kwa gea zote hana haja ya kujua lo lote juu ya mwendo wa meno. Kifaa humfanyia kazi.

Lakini Land Rover ya Series IIA ina sinkromeshi kwa gea ya tatu na ya nne tu. Ya kwanza na ya pili hazina. Gea nne zote za kwenda mbele zilipata kifaa hicho katika Series III, iliyotoka mwaka 1971. Kijana wetu alijifunzia Series III. Basi aliposema gari hili si kama lile, alisema neno la kweli tupu, na sisi wenye vitabu tulikuwa hatulijui.

Namna ya kuingiza gea zisizo na kifaa hicho ni kukanyaga klachi mara mbili. Ukitaka kutoka ya tatu kwenda ya pili, kanyaga klachi, toa gea uiache mahali patupu pa katikati, achia klachi. Sasa kanyaga mafuta kidogo, injini ipandishe mwendo. Kisha kanyaga klachi tena, uingize ya pili. Ukipanda kutoka ya kwanza kwenda ya pili, fanya vivyo hivyo, lakini usikanyage mafuta pale katikati: ngoja kidogo injini ipoe mwendo wake. Mkono usitumie nguvu. Gea ikikataa, si kwamba ina ukaidi, bali mwendo haujawa sawa. Mtu mwenye sikio zuri hujifunza kwa siku tatu, na asiye na sikio kwa juma mbili, na wakati huo wote gari litasaga, wala si dhambi.

Hayo ni tabia ya mashini, si ugonjwa. Lakini gari letu lilikuwa na ugonjwa pia, nao ulikuwa mahali pengine.

Katika aina hii pedali ya klachi husukuma mafuta ya breki ndani ya mrija, toka silinda ya juu hata silinda ya chini, na hiyo ya chini husukuma mkono wa klachi. Raba ndogo zilizomo ndani ya silinda zikichakaa, mafuta huvuja au hewa huingia, na pedali hukosa nguvu. Dreva alikuwa akipiga pedali mara tatu nne kila asubuhi kabla ya kuondoka, maana akiipiga hivyo hupata nguvu kwa muda. Tulimwona, tukamwambia aache mchezo. Tena mmoja wetu, na ni mmoja wa hawa wanaosema nanyi leo, aliona kopo la mafuta ya klachi limepungua akalijaza oili ya injini. Alidhani mafuta ni mafuta. Oili ya injini huvimbisha raba za breki na za klachi na kuziharibu. Jamaa, likumbukeni hili hata kama mtasahau mengine yote: katika kopo lile hutiwa mafuta ya breki peke yake, tena kutoka chupa iliyofungwa vizuri, kwa sababu mafuta hayo huvuta maji yaliyo hewani.

Hata usiku mmoja wa masika tuliamshwa kumpeleka mwanamke aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Aliwekwa nyuma juu ya godoro, pamoja na mama yake na mkunga. Dreva akakanyaga klachi, pedali ikazama hata sakafuni kama mguu uingiao katika tope. Mafuta yote yalikuwa yamekwisha kumwagika. Mvua inanyesha, hapana gari jingine, na machela kwa njia ile ni safari ya usiku kucha.

Sisi tulisimama na taa mkononi tukibishana. Kijana hakubishana. Injini ikiwa imezimwa, alivuta ile fimbo yenye kichwa chekundu, ambayo hulitia gari katika mwendo wa chini na kuyatia nguvu magurudumu yote manne. Akaingiza gea ya pili papo hapo, kisha akapiga stata. Gari likaruka, likaenda kidogo kwa nguvu ya stata, injini ikawaka, tukaondoka. Akaenda na gea ile ile moja, kwa mwendo wa mtu akimbiaye, tope na mawe, bila kusimama wala kubadili. Safari ya nusu saa ilitwaa saa moja na zaidi. Alipofika hospitalini Lushoto alisimamisha gari kwa kuizima injini. Mtoto alizaliwa kabla ya kupambazuka, mzima, na mama yake mzima.

Baada ya siku hizo alikuja mzee mmoja aliyekuwa fundi wa magari zamani. Alitia raba mpya juu na chini, akasafisha mrija, akatoa hewa. Kisha akaliendesha gari mwenyewe, akapanda na kushuka, gea zikaingia kimya kama ufunguo katika kufuli. Tukamwuliza habari ya kufungua sanduku la gea. Akatujibu, “Fungueni daftari lenu kwanza.” Maana alikuwa amekwisha kusikia habari ya ule mshahara.

Tulirudisha fedha zote za dreva mbele ya mkutano ule ule uliomhukumu, tukayafuta maneno yale katika daftari. Haikuwa rahisi. Mwenzetu mmoja alisema kwamba wakubwa wakiomba radhi mbele ya kijana heshima hupungua. Sisi wengine tuliona ya kuwa heshima ilikuwa imekwisha kupungua siku tulipomkata.

Basi, mtu atakaye kununua gari kuukuu na ajaribu haya kabla hajatoa fedha. Gari likiwa limesimama na injini inawaka, kanyaga klachi hata mwisho, hesabu tano polepole, kisha ingiza gea ya kurudi nyuma. Katika muda huo meno yote ndani ya sanduku yapaswa kuwa yamesimama. Yakisaga, klachi haiachii vizuri. Likisaga hapo, usikubali muuzaji akuambie kuwa hujui kuendesha.

Kisha vuta breki ya mkono kwa nguvu, ingiza gea ya nne, achia klachi kidogo kidogo. Injini yapaswa kuzimika. Ikiendelea kuzunguka nalo gari limesimama, sahani inateleza. Jaribu mara moja tu, maana kurudia ni kuiunguza. Dalili hiyo hiyo huonekana mlimani: sauti ya injini hupanda lakini gari haliongezi mwendo, na pengine husikika harufu ya kitu kinachoungua.

Sikiliza pia. Kelele inayoanza mguu unapokanyaga klachi mara nyingi ni ya beringi ya klachi. Kelele iliyopo mguu ukiwa mbali, gea ikiwa mahali patupu, nayo ikatoweka ukikanyaga, mara nyingi ni ya beringi za sanduku la gea, na hiyo ndiyo ghali.

Katika kushuka mlima, inua mguu katika mafuta, uitazame fimbo ya gea. Ikitoka yenyewe, usinunue kabla ya kupatana bei ya kuitengeneza. Tumeona watu wakiifunga kwa mpira wa baiskeli. Katika njia ya Mombo na Lushoto, yenye kona nyingi na bonde upande mmoja, gea ikitoka gari hubaki na breki peke yake, na mpira wa baiskeli si dawa.

Wanunuao Land Rover za zamani watazame tundu dogo lililo chini ya nyumba ya klachi. Oili ikivuja toka injini au sanduku la gea, hutokea hapo, ndipo mwenye gari hujua. Lina kizibo chake, lakini kizibo hicho hutiwa wakati wa kuvuka mto tu. Wengine hukiacha humo miaka na miaka. Oili hujaa ndani, huilowesha sahani, na klachi huteleza au gari hutetemeka likianza kwenda. Twashuku kwamba wengine hukiacha makusudi siku ya kuuza.

Na ile fimbo fupi yenye kichwa cha manjano, ambayo hutia nguvu magurudumu ya mbele, isiachwe imekandamizwa katika barabara ya lami. Usukani utakuwa mzito na mashini zitakazana. Ikikataa kuinuka, simamisha gari, lirudishe nyuma hatua chache ili vyuma vilegee, simama tena, uvute nyekundu nyuma na kuirudisha mbele. Ya manjano itaruka juu yenyewe. Hatukulijua hili pia, tukalipa fundi aje kulifanya, kazi ya dakika moja.

Neno moja kwa madreva. Msiweke mguu juu ya pedali ya klachi safari nzima, wala msilizuie gari mlimani kwa klachi, nayo breki ipo. Na ninyi mlioajiri dreva, akiwaambia kwamba gari si kama lile alilojifunzia, mwulizeni tofauti ni nini kabla ya kushika kalamu.

Nje chini ya mti ipo Land Rover ya aina ile ile, mwenyewe ametukubalia tuitumie. Watakao kujaribu kukanyaga klachi mara mbili na watoke sasa, wawili wawili, wazee watangulie.