Mafuta ya Daudi na Mkorogo wa Dukani
(Dominika ya Nne ya Kwaresima, Mwaka A)



Wapendwa wasikilizaji, somo la kwanza la Dominika hii latupeleka Bethlehemu, nyumbani kwa Yese. Samweli ana pembe ya mafuta mkononi, na macho yake yamevutwa na Eliabu, kijana mrefu wa umbo la kupendeza. Mungu amkataza, kwa maana yeye hutazama moyo. Hata hivyo mwandishi mtakatifu hafichi kwamba Daudi naye alikuwa mzuri wa uso. Basi uzuri si dhambi, na mwenye kujipaka mafuta asidhani kwamba leo tumekuja kumgombeza.

Tuna mafuta mengine ya kuyasema. Miaka michache iliyopita, katika mafundisho ya ndoa, alitujia mchumba mmoja, uso umevimba, mashavu mekundu kama aliyeunguzwa na mvuke. Alikuwa ametumia mkorogo kwa miezi mitatu ili siku ya harusi ang'ae. Tulipomwuliza ni nani aliyemshauri, aliinamisha kichwa, akasema: "Baba, si wewe uliyemsifu dada yangu pale altareni, siku ya ndoa yake, kwamba amekuwa mweupe kama malaika?" Tulikuwa tumesema hivyo kweli, kwa mzaha, na watu wakacheka.

Ndipo tukatafuta kujua yaliyomo ndani ya vikopo hivyo. Kuna zebaki, ambayo huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, lakini hupenya hadi damuni na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Nayo haimdhuru aliyejipaka peke yake, maana huhamia kwa mtoto kwa njia ya mikono, taulo na mashuka. Kuna haidrokwinoni. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza jinsi watumiaji wake walivyopata usoni mabaka ya weusi wa kibuluu, yasiyoondoka kwa urahisi: aliyetafuta weupe akapewa weusi usio wake. Tena kuna dawa za jamii ya steroidi, kama klobetasoli. Hizo ni dawa halali mkononi mwa daktari. Zikitumiwa ovyo, ngozi huwa nyembamba na kidonda hukawia kupona.

Wengine hutuuliza: "Padre, mbona nyingine zinaruhusiwa?" Swali ni jema. Wapimaji hawaulizi tu kama kitu kina madhara. Huuliza pia ni kiasi gani kinachoingia mwilini kila siku. Hukichukua kipimo ambacho katika majaribio hakikuleta madhara, wakakilinganisha na kile anachokipata mtumiaji, na kwa desturi hutaka cha kwanza kiwe angalau mara 100 ya cha pili. Kwa hiyo kamati ya wataalamu wa Umoja wa Ulaya, mwaka 2023, iliikubali alfa-arbutini kwa asilimia 2 katika krimu ya uso, bali kwa asilimia 0.5 tu katika losheni ya mwili, kwa kuwa mwili mzima hupakwa losheni nyingi zaidi. Je, mkorogo una kipimo gani? Muuzaji huchanganya krimu tatu au nne katika bakuli kwa kijiko cha chai. Hapo hesabu yote ya wataalamu yaanguka.

Sheria zipo. Kenya ilivipiga marufuku vipodozi vya namna hii tangu mwaka 1998, na nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kwamba baada ya mwaka 2025 vipodozi vilivyotiwa zebaki visitengenezwe wala kuvushwa mipakani. Lakini kopo lisilo na maandishi hupita chini ya meza.

Nanyi makatekista, mkimwona mwenye shida hiyo msimwaibishe. Mwambieni aende hospitali na kopo lenyewe mkononi, wala asiache ghafla krimu yenye steroidi kabla ya kumwona daktari, maana ngozi yaweza kuwaka kuliko mwanzo.

Mchumba yule tulimpeleka kwa daktari wa ngozi, na harusi ikasogezwa miezi miwili. Dominika iliyofuata tulisimama pale pale tuliposema utani ule, tukaomba radhi. Hakuna aliyecheka. Dada yake alikuwa ameketi benchi la tatu, upande wa akina mama, amejifunika kanga usoni mpaka tulipomaliza.