Digrii ya Kwanza Ni Kizingiti Tu

Hotuba iliyosomwa mbele ya vikundi vya kujisaidia

 

Leo sisi wa kamati ya maendeleo hatukuja na habari za mbuzi wala mizinga ya nyuki. Tunataka tuongee juu ya watoto wetu waliosomea sayansi katika chuo kikuu, na yale yanayowapata baada ya kuvaa joho.

Mnakumbuka tulivyofanya. Tulichanga, tukauza kuku, tukaita harambee, mtoto akaenda. Alipomaliza tukapika, tukaimba. Kesho yake maneno yakaanza: "Si amesoma? Sasa alete!" Binti mmoja wetu alipata nafasi ya kuendelea na masomo ya udongo. Wazee wakamwita, wakamwambia aache, atafute kazi yoyote ile, maana jasho la harambee lazima lionekane. Nasi, tuseme ukweli, tulikuwa kwenye kikao hicho na tukanyamaza. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Ndiyo sababu leo hatunyamazi.

Ndugu zetu, mwanasayansi ni kama fundi. Digrii ya kwanza humfundisha majina ya vyombo. Kuvitumia hujifunza akikaa karibu na fundi mkubwa. Kwa kawaida masta, yaani shahada ya uzamili, huchukua miaka miwili, na uzamifu, ile PhD, miaka mitatu au zaidi. Katika miaka hiyo kijana anaweza kuwa msaidizi wa utafiti, au kuwasimamia wanafunzi wadogo katika maabara. Malipo ni madogo, lakini hapo ndipo anapojifunza kupima, kuandika matokeo na kuomba fedha za utafiti.

Tumtazame Wangari Maathai. Aliporudi kutoka Marekani mwaka 1966 akiwa na masta, alikuta nafasi aliyoahidiwa imepewa mtu mwingine. Hakurudi nyumbani kukaa. Akapata kazi ya msaidizi wa utafiti katika idara ya tiba ya mifugo hapo Nairobi, chini ya profesa Mjerumani. Akaenda Ujerumani kujifunza zaidi, na mwaka 1971 akapata PhD, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati. Baadaye alikuwa akienda mashambani kukusanya kupe, achunguze ule ugonjwa wa ng'ombe tunaouita Ist Kosti. Huko akaona mito imejaa matope na ng'ombe wamekonda; akawasikia na akina mama wakisema hawana kuni. Mwaka 1977 akaanza kupanda miti pamoja na akina mama, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hebu fikirini, kama jamaa zake wangemwambia mwaka ule wa 1966, "Yatosha, alete"?

Basi milango iko wapi? Wa kwanza ni idara ile ile aliyosomea. Asiondoke bila kuwauliza walimu wake ni nani ana mradi wa utafiti.

Wa pili ni icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Kina mpango uitwao ARPPIS, ulioanza mwaka 1983. Mwanafunzi wa PhD hujiandikisha chuo kikuu, lakini utafiti wake huufanya katika kituo, akiongozwa na wataalamu wa pande zote mbili. Wengine hufanya kazi Kasarani, wengine Mbita kando ya Ziwa Victoria. Hata ile njia ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nepia pembeni, ili kuwafukuza funza wa mabua na kuzuia kayongo, ilifanyiwa kazi na kituo hicho pamoja na wenzake, katika mashamba ya wakulima kama sisi.

Wa tatu ni ufadhili. Shirika la Ujerumani liitwalo DAAD limesomesha Wakenya wengi hapa hapa nchini. Na pale Juja, ndani ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kuna taasisi ya sayansi ya Umoja wa Afrika ya masta na PhD. Kijana ajiandae: matokeo yake, barua za walimu wanaomjua, na maelezo mafupi ya jambo analotaka kuchunguza. Na akija mtu kudai kitu kidogo ili "amsukumie" barua, mkimbieni.

Sasa zamu yetu. Kwanza, tumpe kijana muda. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Pili, kikundi kisaidie vitu vidogo vinavyokwamisha watu: nauli ya kwenda kuhojiwa, pesa za kupiga chapa karatasi zake. Tatu, wanafunzi wakija na vipimo vyao, tuwaonyeshe shamba na tuwajibu kwa ukweli, hata kama mavuno yalikuwa aibu. Lakini tuwaambie pia: ukimaliza, rudi utusomee ulichokipata. Udongo ni wetu, na habari zake ni zetu vilevile.

Yule binti sasa anauza dawa za mifugo sokoni. Tulimwendea tukamwomba radhi. Alituambia bado anazo karatasi zake zote. Akituma maombi tena, nauli itatoka kwenye sanduku la kikundi, na safari hii katika kikao tutasema.