Parseli moja, wakaaji wengi: tufuate kanuni gani?

Leo tuzungumze juu ya nyumba: ni nani anaweza kulala ndani ya parseli, na watu wangapi.

Tufikirie parseli moja, ni mfano tu. Mwenye nyumba ana vyumba vinne. Viwili amewapa jamaa iliyokimbia mapigano ya upande wa Salamabila, kule kwenye mgodi wa dhahabu wa Namoya. Mwanzoni hakuwadai kitu, kwa sababu mgeni ni mgeni. Kisha vyuo vya Kasongo vinafungua mwaka. Vijana wanafika kutoka Samba, Kipaka na Wamaza, wanatafuta mahali pa kulala. Watano wanachanga pesa zao pamoja. Mwenye nyumba anapiga hesabu, na jioni ile anamwambia mama mkimbizi: "Mama, tafuta pengine."

Majirani nao wana maneno yao. Choo kimejaa. Muziki unalia usiku kucha. Foleni ya kisimani haiishi. Wanakwenda kwa mzee wa avenyu na kumwambia: "Baba, weka sheria! Kila nyumba ikae jamaa moja tu."

Ndugu zangu, maneno hayo yanaonekana mazuri. Lakini ngojeni tutazame kwanza wengine waliojaribu njia hiyo.

Kule Marekani, katika jimbo la New York, kuna kijiji kinachoitwa Belle Terre, karibu na chuo kikuu cha Stony Brook. Kijiji kiliweka sheria kwamba watu wasio ndugu wanaokaa nyumba moja wasizidi 2. Wanafunzi 6 walikuwa wamepanga nyumba pamoja. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1974 kijiji kikashinda.

Mji mwingine, East Cleveland katika jimbo la Ohio, ulikuwa na sheria ya namna hiyo, nayo ilieleza ndugu ni nani. Bibi mmoja, Inez Moore, alikaa na mwanawe na wajukuu wawili. Wajukuu hao hawakuzaliwa na baba mmoja. Mmoja alikuja kwa bibi yake baada ya kufiwa na mama. Mji ukasema: hiyo si jamaa moja. Bibi akahukumiwa kifungo cha siku 5 na faini ya dola 25, kwa sababu alimlea mjukuu wake! Mwaka 1977 Mahakama Kuu ile ile ilisema kwamba mji haukuwa na haki ya kumfanyia hivyo.

Sasa tujiulize sisi. Ni nani kati yetu anayekaa na mke na watoto wake tu? Nyumbani kuna mtoto wa dada, kuna shangazi mjane, kuna yatima ambaye hatukumzaa. Tukisema "jamaa moja tu", wa kwanza kutolewa nje hatakuwa mwanafunzi mwenye pesa mkononi. Atakuwa mkimbizi. Na kesho mtu atauliza: huyu ni wa kabila gani, ametoka wapi? Hapo ndipo ugomvi wa choo unageuka ugomvi wa damu. Tena tukumbuke: wakoloni waligawa miji yetu kwa rangi ya ngozi, mahali pa Wazungu na mahali pa weusi. Tusiirudishe desturi ile kwa jina jingine.

Basi, kanuni isihesabu undugu, kabila wala kijiji cha mtu. Ihesabu kile ambacho parseli inaweza kubeba. Watu wanaosaidia wakimbizi duniani wana vipimo vyao, na vinaweza kutufaa:

1. Chumba: kila mtu apate angalau meta mraba 3 na nusu. Chumba cha meta 3 kwa 4 ni cha watu 3, si 8.
2. Choo: kimoja kwa watu 20, wasizidi.
3. Kisima: choo kiwe mbali nacho, angalau meta 30. Kipindupindu hakiulizi nani mwanafunzi, nani mkimbizi.

Kwa kanuni hiyo, mwenye nyumba anayetaka kuongeza wapangaji achimbe kwanza choo. Asimtoe mama nje ili apate nafasi.

Na sheria ya nchi inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kuchagua mahali pa kukaa. Kifungu cha 48 kinataja haki ya makao yanayofaa. Tena kuna sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba. Inataka mapatano ya maandishi. Garanti ya nyumba ya kulala isizidi miezi 3. Kukiwa na ugomvi, kwanza mwende kupatanishwa mbele ya ofisi ya serikali inayoshughulikia makao, kabla ya mahakama. Shefu wa kartie hawezi kuipita sheria hiyo, lakini anaweza kuwasaidia watu waifuate.

Ndugu wa Kabambare, msiseme haya ni mambo ya Kasongo peke yake. Hata mtoto wa sekondari anayetoka kijiji cha mbali hutafuta kitanda karibu na shule, na mara nyingi ni kitanda kile kile anachokitafuta mkimbizi.

Baba shefu, kabla ya kuamua, ita baraza. Mwenye nyumba akae, mwanafunzi akae, mama mkimbizi akae naye asemeshwe, asiwe wa kusikiliza tu. Nanyi wanafunzi, wadogo zetu, saa ya kuzima muziki muitaje ninyi wenyewe mbele ya wazee. Nawe mama uliyepokewa, hata kama hulipi kitu, omba karatasi inayosema utakaa mpaka lini. Karatasi si dharau kwa aliyekupokea. Inawalinda ninyi wote wawili.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
Katika avenyu yetu, choo kimoja kinatumiwa na watu wangapi?
Ni nani ambaye hajawahi kuitwa katika baraza la nyumba?
Tukiweka kanuni leo, ni nani atakayelala nje kesho?

Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Mlale kwa amani, kila mtu chini ya paa.