Michezo na Kauli ya Mataifa



Wako wasemao kwamba michezo ni kazi ya watoto. Mwaka 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania alimshinda John Walker wa New Zealand kwao, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500. Mwaka 1976 walingojewa Montreal. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi, nazo Tanzania na Kenya zikaisusia Olimpiki. Hoja ilikuwa ya haki, nami naiunga mkono. Ila gharama waliilipa vijana. Walker alitwaa dhahabu. Bayi alipata nishani ya fedha Moscow mwaka 1980, katika mbio za kuruka viunzi na maji. Safari hiyo Kenya ilisusia tena.